Merikebu za Angani na Swala wa Saanane

Ndugu msomaji, huenda ukastaajabu kwamba mtu mzima kama mimi, mwenye mvi kichwani na duka la kuangalia, nimekaa kukuandikia habari za merikebu zinazopigana angani, jambo ambalo hata halijapata kutokea. Nakuomba uniwie radhi na unisikilize kidogo. Jambo hilo lilitaka kuwatenganisha watoto wawili nyumbani kwangu, na mimi mwenyewe likanifukulia deni la zamani ambalo nilidhani limekwisha kusahauliwa.

Nyumba yetu iko Mwanza, upande wa ziwani. Marehemu baba yangu alizaliwa Pangani, akaja huku kwa gari moshi kutafuta riziki, akaoa, akazaa, na huku huku akazikwa. Kwa hiyo sisi ni watu wa pwani kwa asili na watu wa ziwa kwa makazi. Wali wa nazi tunaupika nazi zikifika kutoka chini, na siku nyingine zote ni sato na sangara na dagaa, na hatulalamiki.

Katika nyumba hiyo naishi na mama mdogo, yaani ndugu wa mama yangu mzazi, ambaye sasa ni mtu wa makamo ya kuheshimiwa. Pamoja naye yuko mjukuu wake, mtoto wa marehemu ndugu yangu, ambaye huniita baba mkubwa. Na yuko mwanangu wa mwisho. Vijana hawa wawili wamepishana mwaka mmoja tu, na wote wako sekondari. Kila Ijumaa baada ya Isha hufungua kompyuta yao ukumbini na kutazama sinema za vita vya nyota, zile ambazo merikebu huruka katikati ya giza zikirushiana miale ya moto, huyu mwekundu na yule kijani, na kila inayopigwa hulipuka kwa kishindo cha kutikisa madirisha. Kila vishindo vinapoanza, mama mdogo hunyanyuka taratibu, akachukua tasbihi yake, akaenda kukaa uani. Sote tulidhani ni kero ya uzee. Hakuna aliyemwuliza.

Sasa, Ijumaa moja yule mjukuu alitamka kwamba mambo yote yale ni uongo mtupu, na mwanangu akakasirika kana kwamba yeye ndiye aliyezitengeneza merikebu hizo. Maneno yakazaa maneno, mmoja akamwita mwenziwe mjinga, na siku mbili hawakula sinia moja. Siku ya tatu wakaniletea kesi.

“Baba mkubwa,” alianza yule mjukuu, naye ndiye bingwa wa fizikia, “sauti ni mtikisiko wa hewa. Huko juu hakuna hewa. Je, kishindo kitapitia wapi?”

Nikasema hapo amepata. Lakini mwanangu hakukubali kunyamaza. Akasema kwamba walio nje hawatasikia kitu, ni kweli, ila walio ndani ya merikebu iliyopigwa watasikia, maana kombora likigonga ubavu, bati litatikisika, na hewa ya ndani itatikisika pamoja nalo. Nikamtazama kwa furaha iliyofichika. Jibu hilo hakulipata kwenye sinema, alilifikiri mwenyewe.

Wakaja kwenye namna ya kuruka. Katika sinema, merikebu hizi hulala ubavu zinapokata kona, kama kunguru. Hapo nami nilikuwa na la kusema, kwa sababu mtu aliyekulia ziwani hahitaji kitabu kulijua. Mvuvi akiacha kupiga kasia, mtumbwi huteleza kidogo kisha maji huushika ukasimama. Akitaka kupinda, hutumbukiza kasia na maji humpa mahali pa kusukumia. Ndege nayo huegemea hewa vivyo hivyo. Huko juu hakuna maji wala hewa: ukisukumwa mara moja utakwenda na kwenda, na ukitaka kupinda sharti uwashe injini tena ujisukume upande mwingine, na mafuta yanakwisha. George Lucas, mtengenezaji wa ile Star Wars ya mwaka 1977, alitumia picha za ndege za Vita Kuu ya Pili kuwa kielelezo cha mapigano yake. Kwa hiyo anayoyatazama kijana kwa jina la vita vya nyota, kwa hakika ni vita vya babu zake vilivyovikwa kanzu mpya.

Ama kuhusu kujificha, huo ndio mlango niliouona mtamu kuliko yote. Katika sinema merikebu hujibanza gizani na kumvizia adui. Nikawachukua wale vijana nje, maana usiku ule mwezi haukuwapo, nikawaonyesha ziwa. Wewe msomaji wa Lamu au wa Tanga, kama hujapata kuliona Ziwa Viktoria usiku wa giza wakati wa dagaa, basi fikiri mji mzima wa taa uliojengwa juu ya maji, ambapo kila taa ni mtumbwi. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri. Mtumbwi wenyewe huuoni hata kidogo. Taa unaiona kutoka mbali sana. Basi merikebu ya angani ni mtumbwi ambao taa yake haizimiki. Watu waliomo ndani hutoa joto, injini hutoa joto, mitambo hutoa joto, na joto hilo halina upepo wa kulipeperusha wala maji ya kulipoza. Hutoka kwa njia ya mng'ao peke yake. Kile kituo cha kimataifa kinachoizunguka dunia, ambacho kilianza kuungwa mwaka 1998, kina mabawa makubwa kwa kazi hiyo tu ya kutoa joto nje. Na mng'ao huo, ingawa jicho la binadamu halioni, vyombo vinauona. Kumvizia mtu hali umebeba karabai ni kazi ngumu.

Mjukuu akafurahi, akadhani ameshinda kesi. Akaongeza na lile la miale. Mwanga huenda kilomita 300,000 kwa sekunde moja, na mwezi uko mbali nasi kiasi cha kilomita 384,000. Ukiwa hapa na adui yako yuko mwezini, unayemwona ni yule wa sekunde moja na kitu iliyopita, na mwale wako utachukua muda kama huo kumfikia. Chombo kinachokwenda kilomita nane kwa sekunde kitakuwa kimesogea kilomita ishirini. Kama kimegeuza njia hapo katikati, umepiga mahali patupu. Tena mwale wenyewe hutanuka njiani kama mwanga wa tochi. Wanachuoni wa Marekani humulika leza kwenye vioo vilivyoachwa mwezini mwaka 1969, na mwale unaotoka hapa ukiwa mwembamba, ukifika kule umekwisha tanuka kilomita kadhaa. Huo hauchomi hata unyoya.

Mwanangu alikaa kimya. Kisha akasema neno lililonigeuza. “Baba, mambo haya yote anayosema ni ya leo. Nani aliyejua jana kwamba leo itakuwa hivi?”

Nikamkumbuka marehemu baba na hadithi zake za meli. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, ungemwambia mtu wa Mombasa kwamba meli ya moshi itapanda milima na kushuka ziwani, angekuuliza umelala wapi. Na meli hiyo, William Mackinnon, ililetwa vipande vipande kutoka Uingereza, ikabebwa, ikaungwa Kisumu, na mwaka 1900 ikaingia majini. Zikafuata Winifred na Sybil, meli za abiria na pamba na ngozi. Ilipofika vita ya mwaka 1914, Waingereza walifunga mizinga juu ya meli hizo hizo za reli, na Wajerumani hapa Mwanza wakafunga wao juu ya meli yao ndogo ya kuvutia matishari, iliyoitwa Muansa kwa jina la mji. Wakawindana ziwani hata Julai 1916, Waingereza walipouchukua mji. Hakuna aliyeunda manowari ya fahari kwa ajili ya Nyanza. Walichukua chombo cha kubebea magunia, wakakifunga mzinga.

Nikawaambia: angani nako, kama kutatokea vita, kutakuwa hivyo. Na tena kumekwisha anza. Mwaka 1974 Warusi walirusha kituo chao cha Salyut 3, na ndani yake mlikuwa na mzinga kama wa ndege. Kuulenga ilibidi kituo chote kigeuzwe. Januari 1975, watu walipokuwa wamekwisha ondoka, waliupiga kwa amri kutoka ardhini, huku injini zikisukuma upande wa pili ili kituo kisirudishwe nyuma na mshindo wa risasi zake chenyewe. Huo ndio mzinga wa angani wa kweli tunaoujua: hapana watu ndani, hapana adui, hapana aliyesikia.

Hapa nitatoka njiani kidogo, kwa kuwa wasomaji wa pwani wana haki yao katika habari hii. Mwanzoni mwa miaka ya sitini palikuwa na kituo cha Wamarekani Unguja, huko Tunguu, cha kufuatilia vyombo vya kwanza vilivyobeba watu wao; na walikuwapo waliokipinga kwa hofu kwamba ni kituo cha makombora. Kilifungwa mwaka 1964. Na karibu na Malindi, katika minara iliyosimamishwa baharini na Wataliano, ndiko kulikorushwa tarehe 12 Desemba 1970 satelaiti ya kutazama nyota iliyopewa jina la Uhuru, kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Basi tusidhani kwamba habari za anga ni za watu wengine. Zimepita mlangoni petu.

Turudi barazani. Nilikuwa nimekwisha itunga hukumu yangu na nikiionea fahari. Nilitaka kusema kwamba vita vya angani vinawezekana, ila havitafanana na sinema: vitakuwa satelaiti ikigonga satelaiti, bila mtu na bila kelele. China ilipoivunja satelaiti yake yenyewe mwaka 2007, vilitokea vipande zaidi ya elfu tatu vinavyoweza kufuatiliwa. Urusi ilipofanya hivyo hivyo mwaka 2021, watu waliokuwa katika kile kituo cha kimataifa, na Warusi wakiwamo, iliwabidi wakimbilie katika vyombo vyao vya kurudia ardhini kungoja vipande vipite. Ni kama kuvunja chupa katika njia ya kisimani unayopita wewe na jirani yako.

Kumbe mama mdogo alikuwa mlangoni muda wote. Akasema, “Wanangu, nimesikiliza. Mmesema habari ya sauti na habari ya taa na habari ya injini. Huko kusikokuwa na sauti, aliyepigwa hujulikanaje?”

Hapana aliyejibu. Naye hakungoja jibu, alikwenda kulala. Lakini mimi usingizi haukunijia, na sababu yake nitakuambia, msomaji, ingawa si jambo la kunipa sifa.

Mwaka 1979 nilikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Vita ya Kagera ilikuwa imeanza Oktoba ya mwaka uliotangulia, na Bukoba ilikwisha pigwa na ndege za Amin. Mimi nilikuwa kama vijana hawa hawa: nilikusanya picha za ndege kutoka magazetini, nilijua MiG 17 na MiG 21, na barazani nilipewa nafasi ya kusema mbele ya wakubwa kwa ajili ya elimu hiyo. Nilijua hata mambo ambayo watu hawakupenda kuyataja, kama ndege zetu zilizoangushwa na wapigaji wetu wenyewe, waliodhani ni za adui.

Mama mdogo wakati huo alikuwa mja mzito, mwezi wa saba. Aliogopa. Alikumbuka kwamba mwaka 1972 ndege za Amin zilipata kuja hadi Mwanza na kupiga, na mimi wakati ule nilikuwa mtoto asiyejua kitu. Alifunga mzigo wake apande gari moshi aende Tabora kwa jamaa. Nami nikasimama ukumbini, nikamwambia kwa hesabu kamili kwamba asende. Ndege za Amin zimekwisha, nikasema, na zilizosalia hazina marubani. Hakuna tena chombo cha kuweza kufika hapa. Niliapa. Mzigo ukafunguliwa.

Tarehe 29 Machi, siku ya Alhamisi, ikaja ndege. Haikuwa ya Amin. Ilikuwa ya Libya, Tupolev 22, aina ya Kirusi yenye injini mbili na watu watatu, inayoweza kwenda kilomita 1,500 kwa saa. Katika hesabu yangu yote sikuwa nimeiweka Libya. Nilihesabu ndege nilizozijua, nikasema hizo ndizo ndege zote.

Nayo ilikosa. Inasemekana ilitumwa kupiga ghala la mafuta la mji. Mabomu yakaangukia Saanane, kile kisiwa cha mbele ya Capri Point, ambacho tangu 1964 kilikuwa bustani ya wanyama, na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa. Wakafa swala. Ukipiga hesabu hutastaajabu: kwa mwendo wa kilomita 1,000 kwa saa, rubani akikosea kwa sekunde tano tu, bomu limekwenda kando kwa zaidi ya kilomita moja. Siku chache baadaye ndege zetu nazo zikaenda kupiga Entebbe, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Mji mzima ukacheka. Sisi watoto tulicheka kuliko wote: chombo cha mamilioni, kimetoka mbali kote, kimekuja kuua swala! Miaka mingi niliisimulia habari hiyo harusini na watu wakashika mbavu. Katika kusimulia sikumtaja hata mara moja mfanyakazi mmoja wa kisiwani aliyeumizwa siku ile, ingawa habari zake zilijulikana. Na mama mdogo ndiyo kabisa sikumtaja.

Alfajiri, baada ya sala, nilimkuta uani anachambua mchele. Nikakaa chini ya miguu yake kama nilivyokaa utotoni. Nikamwambia, “Mama mdogo, nina neno la zamani. Ule mwaka wa vita, mimi ndiye niliyekuzuia usiende Tabora. Sikupata kukuomba radhi.”

Aliendelea na mchele wake. Kisha akacheka, jambo ambalo sikulitazamia. “Wewe? Mtoto wa miaka kumi na miwili amzuie mtu mzima safari? Mimi nilibaki kwa sababu mama yako alibaki. Nilimwambia twende sote akasema hamwachi mumewe. Basi nami ningemwachaje?”

Miaka arobaini na zaidi, msomaji, nimebeba mzigo ambao haukuwa wangu, au nilijipa ukubwa ambao sikuwa nao. Sijui kipi kinaaibisha zaidi.

Akaniambia tena jambo ambalo hajapata kulisema. Siku ile, alisema, kishindo hakukisikia kwa masikio. Alikisikia tumboni: mtoto aliruka kwanza, kisha kuta zikatikisika, ndipo masikio yakaja nyuma. Tangu siku ile kila kishindo kikipiga hushika tumbo, na mtoto mwenyewe alizaliwa salama, akakua, akaoa, akazaa huyu bingwa wa fizikia, akatangulia mbele ya haki, na mkono wake bado huenda pale pale. Ndiyo maana hutoka ukumbini. “Sikuwachukia watoto na mchezo wao,” alisema. “Ila wanapofungua yale makelele, mimi humtafuta baba yake.”

Niliwaita vijana nikawasimulia, mbele yake, na kwa ruhusa yake. Mjukuu alitazama chini muda mrefu. Kwamba babake alikuwamo tumboni siku ya Saanane hakuwa anajua. Habari ya swala aliijua, kwa kuwa mimi mwenyewe ndiye niliyemsimulia na kumchekesha. Mwanangu ndiye aliyesema, “Kumbe tuliuliza kama chombo kinaweza kufika na kupiga. Hatukuuliza kikikosa kinapiga nini.” Sikumwongezea neno. Mchana ule walikula sinia moja.

Ijumaa iliyofuata walifungua kompyuta yao kama kawaida, ila mjukuu alikuwa ameizima sauti. Alimwendea bibi yake uani, akamwambia, “Bibi, leo njoo ukae. Tumeifanya kama ilivyo huko juu, hakuna sauti kabisa.” Akaja, akakaa kwenye kiti chake na tasbihi yake. Merikebu zikaja na kwenda katika giza, zikarushiana mioto yao, zikapasuka, na ukumbini hapakusikika ila feni na mbwa wa jirani. Alitazama kwa makini sana, kama anavyotazama mtu anayepimiwa sukari dukani. Kisha akauliza:

“Wetu ni wepi?”

Vijana wote wawili walinyoosha vidole kwa pamoja, na kila kidole kilielekea kwenye merikebu nyingine.

Mama mdogo akaomba kiti chake kisogezwe karibu.